Michezo ya Kompyuta: Wachezaji Tunao, Watungaji Je?

Dadangu alinipigia simu usiku mmoja baada ya sala ya Isha, na kwa sauti yake tu nilitambua kuwa pana jambo. "Kaka," akaniambia, "mwanao ameharibika." Nikamwuliza ameharibika na nini, ni bangi au ni ulevi? Akasema si hayo, alhamdulillahi, lakini ni jambo ambalo yeye hata jina lake halijui. Kijana amemaliza masomo yake katika chuo kimoja cha barabara ya Thika. Baba yake amehangaika mpaka akampatia kazi ya ukarani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, naye kijana ameikataa. Asema atabaki huko huko Ruiru na wenzake wawili, kwani wanatunga mchezo wa kompyuta.

Shemeji yangu akaichukua simu mkononi mwa mkewe, akanena neno moja tu: "Nimemsomesha miaka minne, shemeji, ili aje acheze?"

Ndugu msomaji, sitakuficha. Nilipopanda treni pale Miritini siku ya pili yake, nilikuwa upande wa shemeji. Njia nzima nilikuwa nikipanga mawaidha ya kumrudisha kijana nyumbani. Ikiwa leo naandika makala haya, ni kwa sababu nilirudi na rai nyingine, na naona rai hiyo yatuhusu wazazi wengi wa mwambao ambao wana wetu wako bara kwa masomo na kwa kazi.

Ruiru, kwa asiyeufahamu, ni mji wa kahawa ulio katikati ya Nairobi na Thika. Tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, mashamba mengi ya kahawa yamegeuka majumba ya ghorofa, na vijana wa kila kabila wamejaa humo kwa kuwa kodi ni nafuu kuliko ya Nairobi. Mpwa wangu alinipokea kwenye steji ya matatu, akanibebea mkoba, tukashika njia ya kwake. Nyuma ya soko tulipita kibanda cha mabati kilichojaa kelele. Ndani mna televisheni nne na vijana zaidi ya kumi, wengine wangali wamevaa sare za shule. Hulipa shilingi chache wakacheza mechi moja ya kandanda ya kwenye kioo. Nikasimama mlangoni kutazama. Wachezaji wa kwenye kioo ni wa timu za Ulaya, viwanja ni vya Ulaya, na hata mtangazaji wa mechi ni Mwingereza. Mlango wa pili yake ni duka la kamari, na nikaona kijana mmoja akitoka huku na kuingia kule.

"Mwanangu," nikamwambia, "hii ndiyo kazi uliyoikatalia bandari?"

Akacheka kwa adabu. "Mjomba, hawa wanacheza. Sisi twatunga. Anayesoma kitabu na anayekiandika si mtu mmoja."

Neno hilo lilinigusa, maana mimi mwenyewe ni mtu wa kalamu. Hata hivyo sikukubali upesi. Nilimwuliza ni nani aliyewahi kuanza hivyo, katika chumba cha kupanga, akafika popote? Ndipo aliponisimulia habari ya kampuni moja ndogo ya Kijapani iitwayo Game Freak. Baadaye niliifuatilia habari hiyo mwenyewe, nami naona yafaa kuieleza hapa, kwa kuwa watoto wetu wengi wameuona mchezo wake bila ya kujua ulivyozaliwa.

Mwanzilishi wake ni Satoshi Tajiri, aliyezaliwa mwaka 1965 na kukulia Machida, pembezoni mwa jiji la Tokyo. Wakati huo Machida ilikuwa bado na mashamba, vijito na miti. Kitoto hicho kilipenda kukamata wadudu, hata wenzake wakakipa jina la utani la daktari wa wadudu. Alijua ni jiwe lipi la kufunua na ni saa ngapi mdudu gani hutoka. Kisha mji ukaenea, mashamba yakamezwa na majumba, wadudu wakatoweka. Mwaka 1978 ikatokea michezo ya mashine kama Space Invaders, na kijana Tajiri akahamishia mapenzi yake huko. Akawa anatoroka shule kwenda kucheza. Wazazi wake walisikitika, wakaona mtoto wao anaitupa maisha yake. Alisoma miaka miwili katika chuo cha ufundi. Baba yake akamtafutia kazi ya fundi wa umeme, naye akaikataa.

Nilipofika hapo katika kisa hiki nilimkumbuka shemeji yangu, nikanyamaza kidogo.

Mwaka 1983, akiwa hajatimiza hata miaka 18, Tajiri alianzisha gazeti dogo lililoitwa Game Freak. Aliliandika kwa mkono, akalibana kurasa zake kwa pini, akaliuza. Ndani yake alieleza siri za michezo: namna ya kushinda hapa, namna ya kupita pale. Kijana mwingine aliyependa kuchora, Ken Sugimori, aliliona gazeti hilo dukani, akamtafuta mwenyewe, akawa mchoraji wake. Wakaandika na kuandika, mpaka wakafikia kuona kwamba michezo mingi waliyokuwa wakiichambua haikuwa mizuri, na kwamba dawa yake ni kutunga wao wenyewe. Tajiri aliifungua mashine yake ya michezo ya Nintendo ili aone inavyofanya kazi ndani. Akajifunza lugha ya kompyuta. Mwaka 1989 gazeti likageuka kampuni, na mchezo wao wa kwanza, Quinty, ukatolewa na kampuni ya Namco mwaka huo huo.

Mwaka 1989 pia ndio Nintendo ilipotoa Game Boy, kimashine cha kuchezea cha mkononi. Kilikuwa na waya wa kuunganisha viwili pamoja, ili watoto wawili wapate kushindana. Wengine waliuona waya huo kuwa wa mashindano tu. Tajiri aliwakumbuka wadudu wake. Aliwaza mdudu akitambaa ndani ya waya, kutoka kwa mtoto mmoja hadi kwa mwingine. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la mchezo ambao mtoto hukusanya viumbe mashambani na vichakani, akabadilishana na mwenzake wale asio nao. Mchezo huo ndio Pokémon.

Sasa sikiliza, msomaji, muda uliochukua. Wazo lilifikishwa Nintendo mwaka 1990. Mchezo ulitoka tarehe 27 Februari 1996. Ni miaka sita! Katikati yake kampuni nusura ivunjike. Fedha ziliisha, wafanyakazi wengine wakaondoka, na Tajiri mwenyewe akaacha kupokea mshahara, akaishi kwa msaada wa baba yake, baba yule yule aliyekataliwa kazi ya umeme. Ili kampuni isife walitunga michezo mingine midogo ya kuwapatia riziki. Na mchezo ulipotoka, Game Boy ilikuwa imekwisha kuchakaa machoni pa watu, wala magazeti hayakuushughulikia. Watoto ndio walioutangaza kwa midomo yao shuleni. Ulitolewa kwa namna mbili, nyekundu na kijani, na baadhi ya viumbe walikuwamo katika moja wakakosekana katika nyingine, hata mtoto asiweze kukamilisha wote bila ya kumtafuta mwenziwe. Tena Tajiri alikusudia viumbe hao wakishindwa wazimie tu, wasife, kwani hakutaka watoto wazoee kuua.

Leo Pokémon yajulikana dunia nzima, na ni mali ya pamoja ya kampuni tatu, mojawapo ikiwa Game Freak ile ile iliyoanza kwa pini na karatasi.

Hapana shaka msomaji wangu wa Mombasa, Malindi au Lamu ameanza kuuliza: je, huu si ule mchezo ulioharamishwa? Ni swali la haki, na sitalikwepa. Mwezi Machi 2001 wanazuoni wa Saudi Arabia walitoa fatwa ya kuukataza mchezo wa Pokémon pamoja na kadi zake. Katika sababu walizotaja, kubwa ilikuwa kamari. Watoto walikuwa wakishindania kadi, kadi zenye thamani ya fedha, na mwenye kushinda akizichukua za mwenziwe. Kulikuwa na madai mengine ya alama zilizofichwa ndani ya kadi, na wenye mchezo wakayakana. Madai hayo ya alama nayaacha kando. Hili la kamari ndilo la kulizingatia, kwani katazo lake liko wazi katika Surat Al-Maida wala halihitaji mjadala.

Lakini tuangalie vizuri ni nini kilichokatazwa. Kilichokatazwa ni mali kuhama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine kwa bahati. Mchezo wenyewe, wenye kuchangamsha akili na mwili pasi na kumpotezea mtu sala wala mali, una hukumu nyingine. Sote tumesikia darasani habari ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, siku ya Idi, na Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, akawatazama. Babu zetu hawakuwa wajinga walipokaa barazani kucheza bao baada ya Alasiri, wakainuka adhana ya Magharibi iliposikika.

Wajapani wenyewe wamelijua jambo hili. Nintendo ilianza mjini Kyoto mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, na karata hizo ziliuzwa sana katika nyumba za kamari. Ilichukua muda mrefu kabla haijageukia vitu vya kuchezea watoto. Na hivi karibuni zaidi, mwaka 2012, serikali ya Japani ilipiga marufuku aina moja ya bahati nasibu iliyoingizwa katika michezo ya simu, ambayo ilimlazimu mtoto kununua na kununua mpaka akamilishe vipande fulani ndipo apewe zawadi. Mwaka 2018 Ubelgiji nayo iliamua kwamba masanduku ya bahati yauzwayo ndani ya baadhi ya michezo ni kamari kama kamari nyingine. Hao si Waislamu, na wameona.

Basi hatari iliyo Ruiru na Thika, na iliyokwisha kufika Kisauni na Likoni pia, ni lile duka la pili, na zile mashine za kutia sarafu zilizoenea mpaka vijijini, hata serikali ya Kenya ikaanza kuzikamata na kuziteketeza mwaka 2018. Tukichanganya hayo yote na kusema "michezo ni haramu, basi", vijana watatusikiliza kwa adabu na kuendelea na lao, kwa sababu wanaona wazi kuwa hatujui kutofautisha. Na atakayebaki kuwatungia michezo ni yule asiyejali sala zao wala mifuko yao.

Kesho yake mpwa wangu alinipeleka Thika. Njiani tulipita Juja, na hapo akanionyesha Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Yafaa kukumbuka historia yake. Mazungumzo ya kukianzisha yalianza mwaka 1977. Mzee Kenyatta alitoa ardhi, serikali ya Japani ikatoa msaada wa majengo, vyombo na walimu, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1981. Kilianza kama chuo cha kati cha kutoa stashahada, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Wataalamu wa Kijapani walikaa hapo miaka karibu ishirini, wakifundisha kilimo na uhandisi. Nilijiuliza: tumepokea kutoka kwa Wajapani majengo na mashine, je, tumepokea na ile subira yao?

Lakini halafu nikaona nawaonea watu wetu. Hapo hapo Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa. Mwaka 1968 ugonjwa wa buni uliteketeza mazao ya wakulima wengi wa Kenya. Watafiti wakaanza kazi ya kupandanisha mbegu mwanzoni mwa miaka ya 1970, mti kwa mti, msimu kwa msimu, na mwaka 1985 wakatoa mbuni uitwao Ruiru 11, wenye kuuhimili ugonjwa huo. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi ya kungoja miti izae. Hakuna aliyewaambia watafiti hao kwamba wanacheza na miche. Kwa hiyo subira tunayo. Tatizo ni kwamba twaitoa kwa kahawa, hatuitoi kwa kijana mwenye kompyuta.

Na wala hao wenye kompyuta si wa kwanza. Mwaka 2007, mwaka ule ule ilipoanza M-Pesa, kijana Mkenya aitwaye Wesley Kirinya alitoa mchezo wa kompyuta ulioitwa The Adventures of Nyangi, wa msichana anayetafuta vitu vya kale vya Afrika. Ulikuwa miongoni mwa michezo ya mwanzo kabisa ya aina hiyo kutungwa katika sehemu hii ya bara letu. Mwaka 2009 akaungana na Eyram Tawia wa Ghana, wakaanzisha kampuni ndogo ya Leti Arts, yenye kazi Accra na Nairobi, na wakawaingiza katika michezo na vitabu vya picha watu kama Ananse, yule buibui mjanja wa hadithi za Waashanti. Mwaka 2015 Andrew Kaggia naye akatoa Nairobi X, mchezo ambao Nairobi yavamiwa na viumbe kutoka angani. Hao wote walianza na watu wachache na fedha chache. Hakuna hata mmoja aliyetajirika kama Wajapani, na sitaki kumdanganya mzazi yeyote kwamba mwanawe atatajirika. Wengi wanaojaribu kazi hii huanguka. Lakini mlango umekwisha kufunguliwa, wala si sisi watu wa pwani tulioufungua.

Pale Thika nilikutana na mwenzake wa pili, binti mmoja anayekaa Makongeni. Mchana hufanya kazi katika kiwanda, usiku huchora. Alinionyesha michoro yake katika simu: baraza la mji wa kale, mlango wa nakshi, wazee wanne wamekaa juu ya mkeka, na katikati yao bao. Binti huyo hajapata kufika Lamu hata siku moja. Alikuwa ameichora kutoka katika picha na masimulizi ya mpwa wangu. Nikaona makosa mawili matatu: kofia imekaa kama ya mpishi, na kanzu imefungwa mshipi. Nilipomweleza alichukua kalamu pale pale akasahihisha, akaniuliza na maswali mengine ambayo hakuna mtu aliyeniuliza kwa miaka mingi. Kofia ya vito hushonwaje? Wazee hukaa upande gani wa baraza? Nani huruhusiwa kumsemea mchezaji akikosea?

Tuliporudi Ruiru jioni nikasema basi, nionyesheni mchezo wenyewe. Wakaniweka mbele ya kompyuta. Ni bao la Kiswahili, bao letu lile lenye mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne. Nyumba imo na kete zake sita, ghala imo, kunamua kumo. Nikacheza na ile mashine, na mwanzoni ilinishangaza kwa ujanja. Kisha ikatokea kete yangu ya mwisho kuangukia nyumbani. Kompyuta, bila ya kuniuliza, ikazisomba kete zote za nyumba na kuendelea kuzigawa, kana kwamba nyumba ni shimo kama mashimo mengine.

Nilipiga kelele hata jirani akagonga ukuta. "Hapana! Nyumba ina mwenyewe! Nikitaka nalala, nikitaka nasafiri. Hiari ni yangu!"

Wale vijana wakatazamana. Walikuwa wamejifunza kanuni kutoka huku na huku, na hiyo haikuwafikia sawasawa. Mpwa wangu alikuwa mdogo babu yake alipofariki, wala hakuwahi kukaa naye barazani. Mwenzake wa tatu ni kijana wa Murang'a, hodari sana wa hesabu na lugha za kompyuta, lakini bao amelijulia ukubwani. Tukakaa mpaka baada ya Isha. Nikiwaeleza kanuni, wakiandika. Nikiwaeleza namna mchezaji mzuri anavyoilinda nyumba yake, na wakati gani ni busara kuivunja, wakiuliza kwa nini. Mara mbili nilishindwa kujibu, ikabidi nimpigie simu mzee mmoja wa Mji wa Kale, naye akafurahi kuulizwa kama aliyepewa zawadi.

Usiku huo ndipo nilipoelewa kisa cha yule Mjapani. Tajiri hakufaulu kwa kuiga michezo ya Wamarekani. Alifaulu kwa sababu aliwajua wadudu wa Machida kuliko mtu mwingine, na alipokuwa mkubwa akawa na ufundi wa kuyatia mapenzi yale katika mashine. Vijana wetu ufundi wanao, waupata Juja, Thika na Nairobi. Lakini wadudu wao wako wapi? Wako kwetu. Wako katika bao, katika visa vya Abunuwasi, katika hadithi ya Fumo Liyongo aliyefungwa gerezani na mama yake akamletea tupa ndani ya mkate wa wishwa, akakata minyororo huku ngoma zikivuma nje na sauti ya tupa isisikike. Niambie, msomaji, ni mchezo gani kati ya hiyo tunayoinunua wenye kisa kizuri kuliko hicho? Nacho kimekaa kinangoja, na wanaokijua vyema ni wazee ambao kila mwaka twawazika.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Mzazi ambaye mwanawe asema anatunga mchezo asikimbilie kumlaani wala kumsifu. Kwanza amwombe auone. Anayecheza tu hana cha kuonyesha. Anayetunga atakuwa na daftari, michoro, makosa aliyoyasahihisha, na wenzake wanaomtegemea. Pili, amwekee masharti. Kamari isiingie katika mchezo huo kwa mlango wa mbele wala wa nyuma, hata kama ndiko fedha za haraka ziliko. Sala zisipotee. Na awe na kazi nyingine ya kumpa chakula wakati anangoja, kama yule binti wa Makongeni, na kama Game Freak wenyewe walivyotunga michezo midogo ili kuishi. Tatu, ampe muda unaojulikana, kisha wakae wahesabu.

Na sisi wazee tusingoje kuitwa. Mombasa tayari kuna kituo cha Swahilipot, si mbali na Ngomeni, ambako vijana wa sanaa na wa kompyuta hukutana. Anayejua bao, anayejua tenzi, anayejua majina ya sehemu za jahazi, aende akakae nao hata saa moja kwa wiki. Hatutakiwi kujua kompyuta, bali kukumbuka tuliyofundishwa.

Niliporudi Mombasa shemeji yangu alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikatiza, na huo si mwendo wake. Sikumwambia kuwa mwanawe atakuwa Tajiri wa Kenya. Nilimwambia kuwa kijana amekubali kufanya kazi ya nusu siku huko huko Ruiru, kutunza hesabu za duka moja, na kwamba aomba miaka miwili. Shemeji akasema mwaka mmoja. Dadangu akasema mwaka mmoja na nusu, na hapo ndipo walipofikia, ingawa ile kazi ya bandari imekwisha kupewa mtu mwingine na shemeji hajaisahau.

Kabla sijaondoka nilimwonyesha ule mchezo, ambao mpwa wangu alinitilia katika simu, nyumba ikiwa imekwisha kurekebishwa. Alikataa kuushika, akasema yeye bao lake ni la mti. Lakini nilipokuwa mlangoni navaa viatu nilimsikia akimwuliza mkewe ile simu inawashwa wapi.